Ujumbe wa Saa Sita na Nusu Usiku



Juma hili ujumbe ule umetufikia tena, na bila shaka umezifikia simu za wengi wenu. Unaonya kwamba usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, mionzi ya kosmiki itapita karibu na dunia. Basi kila mtu aizime simu na kuiweka mbali na mwili, asije akadhurika. Hujivika jina la NASA au la BBC. Umezunguka ulimwenguni kwa zaidi ya miaka 10, na tarehe yake siku zote ni "leo".

Tungeliucheka na kuupita, lau si dada zetu wa Chara. Kule kwenye delta ya Mto Tana, mja mzito akishikwa na uchungu usiku, simu ndiyo inayomwita mkunga, mwenye bodaboda, au mwenye mtumbwi njia zinapofunikwa na maji. Surat al-Hujurat, katika aya ya 6, imekwisha kutuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuitendea kazi. Na tuihakikishe.

Mionzi yenyewe ni kweli ipo. Ni chembe ndogo mno, nyingi zikiwa protoni, zitokazo mbali nje ya jua letu, na baadhi juani kwenyewe. Victor Hess aliitambua mwaka 1912, alipopanda kwa puto akaona mionzi ikizidi kadiri alivyopaa. Haina saa ya kupita: hutunyeshea usiku na mchana, tangu zama ambazo hapakuwa na simu, wala simu haiivuti. Mabaki yake hufika hadi ardhini. Hata sasa usomapo, chembe moja hivi hupenya kiganja chako kila sekunde.

Ikigonga seli huweza kuukata uzi wa DNA, nayo seli, kwa maumbile aliyoipa Mola wake, huurekebisha. Kipimo kikiwa kikubwa urekebishaji hushindwa, na hatari ya saratani huongezeka. Ndiyo maana wanaanga na marubani huhesabiwa vipimo vyao. Safari ya ndege ya saa 4 hivi, kutoka Nairobi hadi Jidda, humwongezea abiria kadiri ya anachokipata ardhini kwa wiki moja au mbili. Mja mzito aendaye umra mara moja hana la kuogopa hapo. Mhudumu wa ndege mwenye mimba ndiye anayepaswa kushauriana na daktari.

Kinachotukinga ni nini? Kwanza ni hewa, ambayo uzito wake juu ya vichwa vyetu ni sawa na maji ya kina cha mita 10. Pili ni nguvu ya sumaku ya dunia, ambayo huzipotoa chembe hizo, na huku kwetu karibu na Ikweta huzizuia zaidi kuliko kwenye ncha za dunia.

Ushahidi wa ile ngao ya hewa uko jirani na Chara. Katika Ghuba hii hii ya Ungwana, upande wa Ngomeni, yako majukwaa ya San Marco yaliyojengwa na Waitalia baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, hapo ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Mkuu wa mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, naye ndiye aliyeipa jina la Kiswahili: Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Kwa nini ilibidi ipelekwe huko juu? Kwa sababu hewa huizima miale hiyo kabla haijatufikia. Lau ingelikuwa inafika Chara, wataalamu wangeliitazama kutoka ufuoni bila kugharimika roketi.

Mionzi ya kuhadhari nayo huku kwetu ni ile ya jua la adhuhuri, hasa kwa watoto wenye ualbino: wavishwe kofia pana na mikono mirefu, na wasichelewe mashambani.

Ama simu, tumewajibu waliotutumia ujumbe ule, na tumewaomba dada zetu wa Chara waiache ikiwaka, na waitie chaji kabla ya kulala.