UCHAMBUZI: Programu mpya inapokwama kwa leseni ya kale

CHUKULIA kwamba karani wa chama cha akiba na mikopo anafungua mfumo uliokarabatiwa majuzi. Kwenye tarakilishi ya fundi, kila kitu kilikwenda sawa. Kwenye ya karani, kioo chaonyesha ujumbe wa Kiingereza kwamba hana leseni ifaayo. Foleni ya wanachama yazidi kurefuka, naye meneja anauliza ni deni gani lililosahauliwa.

Aghalabu hakuna deni lolote. Tatizo limetokana na uamuzi uliofanywa miaka mingi iliyopita, na ambao wengi wa wanaolipia mifumo hiyo hawajawahi kuelezwa.

Kampuni ya Microsoft ilipotoa Visual Basic 6 mwaka wa 1998, waundaji wa programu hawakuwa na haja ya kubuni kila kitu. Walinunua vijenzi vilivyo tayari, kama vile majedwali, kalenda na grafu, katika faili zinazoishia kwa herufi OCX. Wauzaji wa vijenzi hivyo walihofia kwamba yeyote atakayepokea programu iliyokamilika angechomoa kijenzi na kukitumia bure kuundia programu yake mwenyewe. Kwa hivyo waligawa leseni mara mbili.

Leseni ya kwanza ni ya kuundia, nayo huhifadhiwa katika rejista ya Windows kwenye tarakilishi ya fundi. Ya pili ni ya kutumia, nayo hufichwa ndani ya programu yenyewe inapokamilishwa. Ni sawa na fundi cherehani na mteja wake: mteja huvaa nguo bila kumiliki cherehani.

Matatizo huanza fundi anapochukua kijenzi hicho na kukitia katika programu iliyoundwa kwa zana za kisasa za .NET. Zana hizo huweka orodha ya vijenzi vyenye leseni katika faili iitwayo licenses.licx. Iwapo faili hiyo imefutwa, au iwapo fundi ameagiza kijenzi kiundwe wakati programu inaendeshwa badala ya kukiweka kwenye fomu tangu mwanzo, leseni ya kutumia haitiwi ndani. Kwa fundi programu itafanya kazi, maana leseni ya kuundia anayo. Kwa karani itagoma.

Basi hatua ya kwanza ni kuusoma ujumbe kwa makini. Ukisema kijenzi hakijasajiliwa, hilo ni jambo jingine: huenda faili haipo, au programu ya biti 64 inajaribu kutumia kijenzi cha biti 32, jambo lisilowezekana. Dawa ni kusajili faili, au kuiunda programu upya iwe ya biti 32. Lakini ujumbe ukitaja leseni, maana yake kijenzi kimepatikana na kimekataa kutumika.

Hatua ya pili ni kuuliza kinakataa wapi. Kikikataa kwa karani pekee, fundi akiweke kwenye fomu, ahakikishe orodha ya leseni ipo, kisha aiunde programu upya. Kikikataa hata kwa fundi, basi leseni ya kuundia haipo. Kunakili faili ya OCX kutoka tarakilishi ya zamani hakutoshi, kwa kuwa leseni hiyo haisafiri na faili. Sharti kijenzi kisakinishwe upya kutoka kwa diski halali ya muuzaji.

Hapa ndipo kishawishi kinapoingia. Ni rahisi kwa fundi aliyebanwa na muda kuokota ufunguo wa leseni mtandaoni na kuupachika kwenye rejista. Ujumbe utatoweka, lakini kosa litabaki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inazilinda programu za tarakilishi kama kazi za fasihi, na atakayeulizwa maswali huenda akawa mwenye mfumo.

Isitoshe, kijenzi kikongwe kina hatari zake. Mnamo Aprili 2012, Microsoft ilitoa marekebisho ya faili ya MSCOMCTL.OCX baada ya wavamizi kuutumia udhaifu wake kuingilia tarakilishi za watu. Muda wa Microsoft kuzihudumia zana za kuundia za Visual Basic 6 nao ulikwisha Aprili 2008. Kijenzi ambacho muuzaji wake amefunga duka hakina wa kukitia kiraka.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipokomesha huduma za kawaida kwa Windows 10. Taasisi zinazohamia tarakilishi mpya zinaifungua mifumo ambayo haijaguswa kwa miaka mingi, na ndani yake wanakuta vijenzi visivyojulikana vilinunuliwa na nani.

Kwa hivyo anayeagiza mfumo, awe mkuu wa shule au mwenyekiti wa ushirika, hana budi kudai mambo matatu katika mkataba: orodha ya vijenzi vyote vilivyotumika, nakala za leseni kwa jina la taasisi, na msimbo asilia. Fundi huhama na kampuni hufungwa, lakini rekodi za wanachama hubaki. Asiyejua kilichomo ndani ya mfumo wake atakijua siku utakapogoma, huku foleni ikimngoja mlangoni.