Umelipa kontrakta, lakini nyumba bado ina deni

Wasee, hii sheria ya Marekani ukiiskia mara ya kwanza utasema ni wizi. Uko California, unakarabati jikoni, unamlipa kontrakta pesa yote. Jamaa anaikula. Fundi wa stima aliyemleta halipwi, so anaenda kuandikisha deni lake juu ya nyumba yako. Kuiuza inakuwa shida, na akishinda kortini inaweza kupigwa mnada. Yaani unaweza kulipa kazi moja mara mbili!

Wengi wanamkasirikia fundi. Mimi niko upande wake. Huyo ni sawa na boy wa mjengo hapa Nairobi: anabeba mawe wiki nzima, Jumamosi ya malipo kontrakta amezima simu. Jasho lake liko kwa ukuta wa mtu. Kule angalau sheria inamwachia ashike huo ukuta.

Lakini mwenye nyumba, usikubali kuchezwa. California, fundi kama huyo anafaa kukutumia notisi ndani ya siku 20 tangu aanze kazi. Hiyo barua usitupe! Kabla hujamlipa kontrakta, dai karatasi iliyosainiwa na kila aliyekutumia notisi, kwamba amelipwa na hadai nyumba yako tena. Hakuna sahihi, hakuna doo.

Kama una kazo anajenga kule, mtumie hii. Na mkianza kutafuta mwizi, msianze na mwenye koleo. Anzeni na aliyesimama katikati, mfuko umejaa.