Babu alikuwa akifua kila siku?

Haya msomaji wangu, wiki iliyopita nilikuahidi kwamba leo nitakupa dalili za mwanamme muongo. Naomba radhi, hizo nimeziweka kiporo. Jumamosi nilikwenda Chwaka na nimerudi na jambo jengine, ambalo likingoja mpaka wiki ijayo litanichachia tumboni.

Kwa mnaoisikia tu, Chwaka ni kijiji cha wavuvi mashariki ya Unguja, kilomita 30 na kitu kutoka Mjini. Unapanda daladala, unabanwa kati ya gunia la mbatata na bi mkubwa anayetoka sokoni, unaipita Dunga, na ukishuka unakutana na ghuba pana, mikoko upande mmoja, mashamba ya mwani upande wa pili. Shangazi yangu anakaa huko. Nyumba ya marehemu babu inataka kuezekwa upya, kwa hiyo alikuwa akitoa vitu nje, na katika sanduku la chini kabisa akakuta madaftari matatu ya skuli, pembe zimeliwa na mende.

“Chukua wewe, si ndiye unayependa kuandika,” akaniambia.

Nikafungua. Herufi za Kiarabu tupu, mstari kwa mstari, kwa kalamu ya risasi. Nikajua ni dua au hesabu za mirathi. Lakini mie nimesoma chuoni bwana, fimbo za mwalimu hazikwenda bure, nikaanza kuunga herufi moja moja. Kumbe ni Kiswahili! Wazee wetu wengi waliandika hivyo, lugha ya nyumbani kwa herufi za chuoni. Na mstari wa kwanza nilioupata ulisema: “Leo nimefua.” Wa pili: “Leo nimefua.” Wa tatu: “Upepo mkali, sikufua.”

Nikamuuliza shangazi, hivi babu alikuwa akifua nguo kila siku? Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Akanifahamisha: Kiarabu hakina V, wazee wakiitaka huandika F. Hakina P, huandika B. Hakina CH, huandika SH, na Chwaka yenyewe inakuwa Shwaka. Babu hakuwa dobi. Babu alikuwa akivua.

Basi msomaji, jioni nzima nilikaa barazani na yale madaftari. Mzee alikuwa na shajara! Babu, ambaye mie nikimjua kwa madema yake na kikohozi chake, aliandika kila siku ya Mungu. Hakuandika mengi. Mwezi wa Kiislamu, mfungo mosi, mfungo pili, hali ya maji, bamvua au maji mafu, upepo, alichopata: “Tasi mitungo mitatu.” Siku nyengine ameongeza neno moja juu: “Mke anaumwa.” Siku ya pili yake: “Mke hajambo.” Basi.

Halafu nikafika mwaka 1998. Hapa lazima nikupe siri ya nyumbani. Mwaka ule baba yangu aliondoka kwenda Maskati kutafuta maisha. Babu hakumtaka aende. Siku ya safari ukoo mzima ulikwenda uwanja wa ndege kumsindikiza, isipokuwa yeye. Hakuja hata Mjini. Baba aliondoka na donge hilo, na miaka yote hii, hata baada ya mzee kufariki, ukimtajia hujibu neno lile lile: “Yule alikuwa na mapenzi na bahari yake, si na mimi.”

Sasa soma alichoandika huyo mwenye mapenzi na bahari. Mfungo sita, upepo wa kusi: “Mtoto kaondoka. Sikuvua.” Siku ya pili: “Sikuvua.” Ya tatu: “Sikuvua.” Nikahesabu. Siku kumi na moja. Mvuvi asiye na mshahara, asiye na duka, bahari ndiyo sufuria yake, hakutia mguu majini siku kumi na moja. Ya kumi na mbili: “Nimevua. Tasi mtungo mmoja.”

Nilimpigia baba usiku ule ule, nikamsomea. Akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, “Soma tena.” Nikasoma tena. Akaniuliza kama upepo umeandikwa. Nikamwambia ndiyo, kusi. Akasema, “Kweli, ilikuwa kusi,” akakata. Kesho yake alinitumia ujumbe: madaftari yasitolewe nyumbani, anakuja.

Ndiyo maana nimeziacha dalili za mwanamme muongo. Nataka tuzungumze juu ya daftari.

Najua utakachoniambia. “Dayari ni mambo ya wanafunzi wa kike na ya Wazungu wa kwenye filamu.” Hebu tulia. Mtoto wa kike wa hapa hapa Unguja, Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Zama zile mabinti walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ndio uliokuwa ubao wa siku hizo. Mwaka 1866 akatoroka kwa ajili ya mapenzi na mfanyabiashara wa Kijerumani, akabadili dini na jina, akawa Emily Ruete. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akabaki Ujerumani na watoto watatu, baridi, na upweke. Akaanza kuandika maisha yake ili wanawe wajue mama yao katoka wapi. Mwaka 1886 yale maandishi yakatoka kitabu mjini Berlin, na mpaka leo ukitaka kujua ndani ya majumba yale walikula nini na waligombania nini, unamuuliza yeye. Asingeiba zile herufi, leo tungekuwa hatuna cha kumuuliza.

Mwengine ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948. Aliondoka kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaanza kuandika huko Uingereza akiwa na miaka 21, kwao kumemkaa rohoni. Riwaya ya kwanza ilichapishwa 1987, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Sisemi na wewe ukinunua daftari leo kesho utaitwa Sweden. Nasema yale yanayokukaa kooni yana pahala pa kwenda zaidi ya kugombana na watu.

Sasa swali ninaloulizwa kila siku na vijana wenzangu: “Niandike nini, mbona siku zangu zote ni moja?” Jibu ni babu. Siku zake zilikuwa moja zaidi ya zako, bahari ile ile, dau lile lile. Lakini maji hayakuwa yale yale. Kaa pale Chwaka uone: asubuhi bahari imejaa mpaka karibu na minazi, mchana imekupwa, unatembea mwendo mrefu hujalowa magoti. Na wewe moyo wako unajaa na kupwa hivyo hivyo, ila hupimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, usiandike ukurasa, andika mstari. Mstari mmoja kila usiku kabla ya kulala, hata kama umechoka hoi. Pili, anza na kitu cha kushika, usianze na hisia. Nauli uliyolipa, nani alikaa pembeni yako, umekula nini, mvua imenyesha au la. Hisia itafuata yenyewe kwa nyuma kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Tatu, ukikwama kabisa, jiulize: leo ni jambo gani ambalo sikumwambia mtu? Hapo peni haitosimama. Nne, tia tarehe. Bila ya tarehe ile “sikuvua” ya babu isingekuwa na maana yoyote.

Utasema simu ipo, unaandika humo. Sikukatazi. Lakini simu huibiwa, hutumbukia baharini, na nyengine hufa na nywila yake. Madaftari ya babu yamekaa sandukuni zaidi ya miaka 25, adui yao alikuwa mende tu.

Kuna hofu moja ya kweli, nayo ni kusomwa. Hii siifanyii mchezo. Mie nilikuwa na daftari nikiwa Kidato cha Pili, jamaa mmoja wa nyumbani akalikuta chini ya godoro, akalisoma kwa sauti mbele ya wageni, pamoja na ile kurasa ya kijana wa mtaa wa pili. Wageni walicheka, na mie sikuandika tena kwa miaka minane. Miaka minane ambayo leo nikitaka kujua nilikuwa nani, sina pa kutazama. Kwa hiyo nakuambia kwa uchungu: lifiche, lifungie, ya siri sana andika kwa vifupisho unavyovijua mwenyewe. Mie sasa ya moyoni nayaandika kwa herufi za babu. Atakayeiba atadhani nafua.

Na wewe ukilikuta daftari la dada yako au mkeo, lirudishe lilipokuwa. Ukilifungua umeiba, hata kama hukuchukua kitu.

Shangazi naye, nilipokuwa nafunga mkoba, alinionesha daftari lake. La mwani: kilo ngapi, shilingi ngapi, nani anamdai. “Hili si shajara,” akasema. Nikamwambia aongeze neno moja tu kila siku, juu ya kilo. Akachukua peni, akafikiri, akaandika: “Leo mtoto wa kaka kaja.”

Baba anafika mwezi ujao, na kusi litakuwa linavuma. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, tuwamalize wale waongo.