Gofu ije Mtwara, lakini pwani ibaki ya wote

Wapo watalii wanaovuka mabahari kwa ajili ya uwanja wa gofu tu, na upwa wetu wa Afrika Mashariki umeanza kuwavutia. Kule Kilifi, Kenya, uwanja wa Vipingo Ridge ulijengwa kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, na mwaka 2019 ukaandaa mashindano ya wanawake yaliyomo katika ratiba ya Ulaya. Unguja nako hoteli ya Sea Cliff ina uwanja wa mashimo 9 ukitazama bahari. Mtwara bado haijatajwa katika safari hizo, ingawa ina mchanga, upepo wa kusi na fukwe ndefu kuanzia Mikindani hadi Msimbati. Ipo siku mwekezaji atabisha hodi na ramani mkononi. Naamini akaribishwe, ila kwa sharti moja lisilojadiliwa: akiuleta mchezo wa Waskoti, alete pia haki ya ardhi iliyoulea mchezo huo.

Wanagofu huienzi zaidi aina ya uwanja uitwao linksi, yaani ule uliokaa juu ya matuta ya mchanga kati ya bahari na mashamba. Ardhi hiyo haikufaa kulimwa, hivyo ikaachiwa kondoo, sungura na watu wa kawaida. Uwanja wa linksi hauna bustani za maua wala maziwa ya kuchimbwa. Nyasi zake ni fupi, maji ya mvua hunywewa na mchanga mara moja, na mpira huviringishwa chini ili upepo usiupeperushe. Ukame ukizigeuza nyasi kuwa za kahawia, mchezaji halalamiki, kwa kuwa mpira hukimbia vizuri zaidi. Leo viwanja vya kuiga mtindo huo hujengwa kwa matingatinga kila pembe ya dunia. Kinachoigwa ni sura ya matuta, na kinachosahaulika ni nani mwenye ardhi.

Tazama St Andrews, mji wa Uskoti unaohesabiwa kuwa makao makuu ya gofu. Hati ya mwaka 1552 ilithibitisha haki ya wenyeji kuitumia ardhi ile ya mchanga kwa gofu, kandanda na michezo mingine. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, ikiwa imeelemewa na madeni, iliiuza ardhi hiyo, ikaangukia mikononi mwa wafuga sungura, na mgogoro ukadumu miaka mingi. Sheria ya Bunge ya mwaka 1894 ndiyo iliyoirudisha kwa mji, na tangu sheria nyingine ya mwaka 1974 inasimamiwa na mfuko wa umma. Hadi leo uwanja wake mkongwe kwa kawaida haupigwi gofu Jumapili. Wananchi hutembea humo na watoto wao. Linganisha na Menie, karibu na Aberdeen, ambako Donald Trump alifungua uwanja wake mwaka 2012 juu ya matuta yaliyokuwa yakihama na upepo. Ilipofika Desemba 2020, taasisi ya uhifadhi ya Uskoti iliyafutia matuta hayo hadhi ya ulinzi, kwa sababu kilichostahili kulindwa kilikuwa kimeharibiwa.

Sasa rudi kwetu. Maji ya bamvu yanapokupwa, wanawake hushuka na ndoo na vijiti kutafuta pweza na chaza miambani, na wavuvi huvuta mitumbwi yao mchangani. Njia wanazopita hazina hati, lakini ndizo zinazoleta kitoweo nyumbani. Kusini zaidi ipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye mikoko, matumbawe na fukwe ambazo kasa hutagia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni. Kwa hiyo uwanja uwekwe nyuma ya mstari huo, nje ya hifadhi, kwenye ardhi iliyokwisha kutumika, kama Vipingo ilivyofuata shamba la mkonge mwinukoni badala ya kukalia ufukwe.

Wapo watakaosema gofu ni mchezo wa matajiri, na Mtwara ina shida kubwa zaidi ya maji na zahanati. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana fedha za umma zisiingie humo hata shilingi. Lakini utajiri wa mchezo umetokana na uzio kuliko mchezo wenyewe. Wengi wa wachezaji wa kulipwa nchini walianza wakiwa vijana wa kubeba mikoba ya fimbo. Mlango ulipoachwa wazi kidogo, waliingia. Kuhusu maji, mvua za Mtwara hukoma karibu na Mei na kiangazi huwa kirefu. Zipo nyasi za paspalamu zinazostahimili maji ya chumvichumvi, na mtindo wa linksi unaruhusu sehemu kubwa ya uwanja ikauke. Anayetaka kijani kibichi mwaka mzima kwa maji ya visima vya kijiji anyimwe kibali.

Wengine watasema masharti haya yatamkimbiza mwekezaji. Atakayekimbia kwa kuombwa aache njia ya kwenda pwani hakuwa mgeni wetu. Mtwara inayo kumbukumbu ya karibu: mwaka 2013 wananchi waliandamana kuhusu bomba la gesi wakiuliza watabaki na nini, na majibu yaliyochelewa yaligharimu maisha na mali. Swali hilo lijibiwe mapema safari hii. Halmashauri na mikutano mikuu ya vijiji viandike katika mkataba, kabla tingatinga halijawashwa, kwamba ardhi inakodishwa na haiuzwi, njia za pwani hazifungwi, na vijana wa hapo wana siku zao za kucheza. Mwekezaji asiyetia saini maneno hayo arudi na ramani yake.