Nani Kasema Urambo Haina Vitabu?

Historia ya Urambo ikitajwa, kuna kauli ambazo hazikosi kusikika. Ya kwanza ni kwamba haijaandikwa.

Imeandikwa. Mwaka 1966 J. B. Kabeya alitoa Mtemi Mirambo, kitabu cha Kiswahili juu ya mtawala wa Urambo wa karne ya kumi na tisa. Miaka mitano baadaye Norman Bennett akachapisha kitabu kizima juu ya maisha ya mtemi huyo. Anayesema hakuna vitabu huwa hajaviona dukani wala maktaba ya jirani. Malalamiko hayo ni ya haki, ila yapelekwe kwa wachapishaji na wenye maktaba.

Kauli ya pili ina mvuto zaidi: kwamba vitabu vya wageni vinamwita Mirambo mnyang'anyi, basi havifai kitu. Mwenye kauli hiyo amsome msafiri Henry Stanley mara mbili. Mwaka 1871 Stanley alifuatana na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga Mirambo. Walishindwa vibaya. Mirambo akaishambulia Tabora yenyewe, Khamis bin Abdallah, mmoja wa viongozi wa Waarabu hao, akauawa, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili amfikie mmisionari David Livingstone, aliyekuwa akimtafuta, huko Ujiji. Kitabu alichotoa mwaka uliofuata kinamchora Mirambo kama jambazi wa njiani. Ungetegemea nini kwa mtu aliyetimuliwa?

Aprili 1876 wakakutana ana kwa ana, wakachanjiana damu. Katika kitabu cha 1878 Mirambo ni mtu mwingine kabisa: mpole wa sauti, mwenye adabu, muungwana. Mtemi alikuwa yuleyule. Mwandishi ndiye aliyetoka kwenye uadui akaingia kwenye undugu. Kwa hiyo vitabu hivyo vinafaa, mradi visomwe viwili viwili, na pembeni yake awekwe Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mwarabu mwenye makazi Tabora, na bado yeye alipatana na Mirambo. Anayedhani vita ile ilikuwa ya Waarabu wote dhidi ya Wanyamwezi wote, watu wa Mirambo, ataona haikuwa rahisi hivyo.

Wengine hudai Mirambo alijua kufunga njia ya misafara tu. Vita vya 1871 hadi 1875 vilihusu nani aitawale njia hiyo na nani apokee hongo, yaani ushuru wa njia. Vilipokwisha, Mirambo alitaka biashara ipite kwake, tena alitaka wageni. Mwaka 1879 daktari mmisionari Ebenezer Southon alikwenda kukaa Urambo, akabaki huko mpaka kifo chake mwaka 1882, na katika muda huo aliandika habari za Wanyamwezi. Sisemi Mirambo alikuwa malaika. Rugaruga, askari wake, walichoma vijiji na kuteka watu, na kitabu kitakachoficha hilo kwa ajili ya kumtukuza shujaa kitakuwa kimetudanganya kama kile cha 1872.

Kauli nyingine ni kwamba vitabu vya Tabora vinatosha. Msafiri Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, kabla Mirambo hajajenga dola yake. Hawezi kukusimulia Iselamagazi, ikulu ya Mirambo ambayo hakuiona.

Imebaki kauli ya wale wanaoanza historia ya Urambo na karanga. Kweli, Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, na Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango ulipovunjika mwanzoni mwa 1951, tumbaku ikashika nafasi. Lakini reli ya kwenda Kigoma ilikuwa imekwishapita hapo tangu enzi za Wajerumani, na Mirambo alikuwa amefariki tangu Desemba 1884.

Upungufu ninaoukubali ni mmoja. Vitabu vya Mirambo humaliza kazi yao mtemi akishazikwa, na vya karanga huutazama mji kutoka ofisi za London. Mkulima anayekausha tumbaku kwenye bani, karani wa chama cha msingi, mama muuza ndizi stesheni treni inaposimama: hao wanasubiri mwandishi wao, na wengi bado wako hai wa kuulizwa.