Wimbo Usio na Muhuri

Katika safu hii tumezoea kuandika juu ya bei za vyakula, maji na safari za meli. Leo tunawaomba wasomaji wetu, na hasa wale wakuu wa serikali ambao huamua mambo ya visiwa wakiwa wameketi mbali na visiwa, watuvumilie tukizungumza juu ya wimbo mmoja wa Kijapani. Si kwamba tumeishiwa na la kusema. Wimbo huo ulizaliwa kutokana na upungufu wa kisiwa, na yaliyoufuata ni mambo ambayo mtu wa kisiwani atayatambua bila ya kuelezwa mara mbili.

Kisiwa chenyewe ni Naru, kimoja katika visiwa vya Goto vilivyoko magharibi ya mji wa Nagasaki. Ni kisiwa kidogo cha wavuvi, chenye pwani iliyokatikakatika kwa ghuba. Mwaka 1974 sekondari ya Naru haikuwa shule iliyojitegemea. Ilikuwa tawi tu la shule iliyoko Fukue, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Goto. Kwa kuwa ni tawi, haikuwa na wimbo wake. Wanafunzi walipotakiwa kuimba, waliimba wimbo wa shule kuu, uliotungwa kwa ajili ya mahali pengine. Ndipo msichana mmoja miongoni mwao alipoandika barua kwenye kipindi cha redio cha usiku wa manane kilichokuwa kikirushwa kutoka Tokyo, akaomba shule yake itungiwe wimbo.

Tusiipite barua hiyo upesi. Msichana yule hakuomba jengo wala fedha. Aliomba maneno ya kuimba ambayo yangekuwa ya kwao. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la anasa, na kwamba mtoto wa kisiwani ana shida kubwa zaidi ya hiyo. Sisi twaona kwamba aliyezoea kuimba sifa za mahali pengine huku amesimama kwao, amekwisha kufundishwa somo moja ambalo halimo katika mtaala wowote, nalo ni kwamba mahali penye maana ni kule kwingine.

Aliyelipokea ombi lile alikuwa Yumi Arai, mwimbaji ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 20. Alizaliwa Januari 1954 Hachioji, mji ulioko upande wa magharibi wa Tokyo na usiopakana na bahari, katika nyumba ya wauza kimono. Nyimbo za kupendwa za Japani za siku zile kwa kawaida zilikuwa kazi ya watu watatu: mmoja alitunga maneno, wa pili akatia sauti, na wa tatu, ambaye sura yake ndiyo iliyouzwa, akaimba. Binti huyu alifanya yote matatu mwenyewe, akiwa kwenye piano yake. Santuri yake ndefu ya kwanza, Hikoki-gumo, ilitoka Novemba 1973. Baada ya kuolewa mwaka 1976 na mwanamuziki Masataka Matsutoya alijulikana kwa jina la Yumi Matsutoya, na kwa jina hilo amekuwa mmoja wa watunzi wanaosikilizwa zaidi katika nchi yake kwa muda wa nusu karne.

Kwa watu wa Naru alitunga wimbo uitwao Hitomi wo Tojite, yaani kufumba macho. Ulitiwa katika santuri yake ya pili, Misslim, iliyotoka Oktoba 1974. Jambo linalotushangaza katika utungo huu ni yale yasiyokuwemo. Hamna sifa za shule. Hamna bidii, nidhamu, wala ahadi ya kulitumikia taifa, mambo ambayo nyimbo za shule huyarundika mpaka mwimbaji akachoka kabla ya ubeti wa pili. Hata jina la kisiwa halikutajwa. Kuna upepo, kuna ukungu, kuna chombo kinachotoka kwenda nje baharini, na kuna barua iliyotiwa ndani ya chupa kwa ajili ya rafiki aliyekwenda mbali. Mtunzi alifahamu kwamba katika kisiwa kama kile wimbo wa wanafunzi hauna budi kuwa wimbo wa kuagana, kwa sababu wengi wao wataondoka.

Sasa tuje kwa wakuu. Wimbo ule haukufanywa wimbo rasmi wa shule. Ulikubaliwa uimbwe kama wimbo unaopendwa na wanafunzi, basi, usizidi hapo. Wako wanaouona uamuzi huo kuwa ni dharau. Sisi hatukubaliani nao, na pengine baadhi ya wasomaji watatulaumu kwa hilo. Wimbo rasmi huimbwa kwa amri, watu wakiwa wamenyooka mistari, na siku mtu anapomaliza masomo huuacha pale pale uwanjani. Huu, kwa kuwa haukuwa na muhuri wa mtu yeyote, ulitoka nje ya ua wa shule. Ulishuka bandarini. Uliimbwa gatini pale meli ilipong'oa nanga na waliobaki wakashika ncha moja ya tepe za karatasi za rangi, na wanaoondoka wakashika ncha ya pili, mpaka tepe zikakatika. Mwalimu aliyehamishwa aliagwa kwa wimbo huo sawa na kijana anayekwenda kutafuta kazi. Hakuna waraka wa wizara uliowahi kuamrisha hayo.

Muhuri ulikuja baadaye, na ulikuja kwa umbo la jiwe. Mwaka 1988, miaka 14 baada ya barua, jiwe la ukumbusho liliwekwa shuleni hapo likiwa na maneno ya wimbo yaliyochorwa kwa mwandiko wa mtunzi mwenyewe. Tunalitaja kwa sababu ndiyo desturi ya mamlaka popote: kwanza wananchi huchagua, kisha mamlaka huja na mawe. Hatuna ugomvi na jiwe.

Ugomvi wetu ni na wale wanaodhani kwamba jiwe latosha. Naru imepungukiwa na watu mwaka hata mwaka. Leo wakazi wake hawafiki elfu tatu, na tangu mwaka 2004 si mji wenye utawala wake tena, bali ni sehemu ya jiji la Goto. Kijiji chake cha Egami, chenye kanisa la mbao lililojengwa mwaka 1918, kiliingizwa mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni wanakwenda kukitazama. Mgeni hulitazama kanisa, hulipiga picha jiwe la wimbo, kisha hurudi na meli ya jioni. Kisiwa hakiwezi kuishi kwa kutazamwa.

Hapa ndipo tunapowataka wakuu wasome kwa makini zaidi. Serikali ya Japani ilitunga sheria ya kuviendeleza visiwa vya mbali mwaka 1953, na imekuwa ikiirefusha na kuirekebisha mara kwa mara tangu hapo. Fedha nyingi zilikwenda kwenye magati, barabara na kuta za kuzuia mawimbi. Hayo ni mema, na asiyewahi kuteremka chomboni akiwa na mtoto mgongoni huku bahari imechafuka asiyabeze. Lakini gati zuri humsaidia pia anayehama. Ilichukua muda mrefu kabla ya serikali hiyo kuugusa mzigo wenyewe wa mkaazi: ni sheria nyingine, iliyoanza kutumika Aprili 2017, iliyoleta ruzuku ya kupunguza nauli za wakaazi wa visiwa vya mpakani, vya Goto vikiwemo. Miaka 64 imepita kati ya sheria ya kwanza na hiyo ya pili.

Mkoa wa Nagasaki nao ulibuni jambo lake mwaka 2003. Badala ya kuhesabu tu wanafunzi wanaopungua na kuandaa hati ya kufunga shule, ulifungua baadhi ya sekondari zake za visiwani kwa vijana kutoka bara, waje wakae kisiwani na kusoma huko. Sekondari ya Naru, ambayo zamani ilikuwa tawi tu, imejiunga na mpango huo katika miaka ya karibuni. Madarasa ambayo yangekuwa matupu yana watu, japo si wengi. Tunawaomba maofisa wetu wa elimu, kabla ya kutia sahihi pendekezo lolote la kuunganisha shule ndogo ya kisiwani na kubwa iliyo ng'ambo, wautazame mpango huu: unagharimu nini, nani hulipia malazi ya wanafunzi, na meli hufika mara ngapi kwa juma.