Jini Hakupotea Njia Kuingia Mjini

BARAZA LA CHEYO
Na Ramadhani Kasanda

Juma lililopita, baada ya sala ya isha, nilikaa barazani hapa Cheyo na riwaya ya Said Ahmed Mohamed, *Babu Alipofufuka*, kwa nia ya kusoma kurasa chache kabla ya kulala. Walakini adhana ya alfajiri ilinikuta ningali nimeishika, macho mazito na moyo mwepesi.

Katika riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 2001, bwana mkubwa aitwaye K, mwenye cheo na anasa zake, anajiwa na mzuka wa babu yake aliyekwisha kufa, akachukuliwa huku na huko kuonyeshwa dhiki za watu ambao raha ilimfumba macho asiwaone.

Wako waungwana wanaosema kuwa mzuka makao yake ni msituni, hana shughuli katika mji wenye umeme na lami, na kwamba hadithi zendazo mbio ni za kupotezea wakati. Nawaomba waikumbuke *Alfu Lela Ulela*, ambamo majini huingia majumba ya Baghdad bila ya kubisha hodi, nasi tukaipokea kana kwamba imezaliwa kwetu. Waikumbuke pia *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ambamo watu waliuhofu mzimu, hata mpelelezi Bwana Msa, kwa kiko na taamuli yake, akadhihirisha kuwa mkono uliotenda uovu ulikuwa wa binadamu.

Hapo nilipata faida ipitayo usingizi nilioukosa: Bwana Msa aliiondoa hofu ya mizimu ili haki ipatikane, na miaka 41 baadaye mwandishi mwingine wa Zanzibar akamrejesha marehemu kwa kusudi lilo hilo, kwani mkubwa asiyeulizwa na walio hai hana budi kuulizwa na babu yake.

Wala mbio za hadithi si aibu. Wapagazi wa zamani waliotoka Bagamoyo kuja huku kwetu Unyanyembe walikwenda kwa nyimbo ili mzigo usiwalemee. Vivyo hivyo mwandishi stadi hututwisha insafu, nasi tukaibeba usiku kucha tukidhani twajifurahisha tu.

Basi mzazi akimkuta mwanawe chini ya mwembe ameinamia riwaya ya mizuka, asimnyang'anye. Na amngoje aimalize, kisha amwombe amwazime.